Maneno ya Mama Furaha Niliyoyatoa Nje

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijatafuta sababu ya kujitetea, maana mimi sababu sizikosi. Niliharibu maisha ya mama mmoja kwa mdomo wangu, siku ambayo sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Watu wanaonijua hapa Goma wanafikiri aibu yangu ni ulevi. Laiti ingekuwa ulevi! Kosa langu nililifanya nikiwa na akili timamu, mchana, nimekaa kwenye kiti.

Majina nimeyabadilisha. Huyo mama nitamwita Mama Furaha.

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu kule Kalengera. Pombe niliijua kwenye harusi tu, glasi moja ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, tena naimaliza kwa shida. Vita vilipotufikia nilikimbia na watoto wangu wawili. Bwana yangu alisema tutangulie, yeye afunge nyumba na kuachilia mbuzi. Hatukumuona tena. Mpaka leo sijui nimuombee kama mzima ama kama marehemu.

Tukafika kambi ya Kanyaruchinya. Kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha maji yanapita chini ya mkeka. Jirani mmoja aliniona natetemeka, akanimiminia kanyanga, ile pombe kali, kwenye kifuniko cha chupa. Akasema inasaidia. Ilisaidia kweli, na hapo ndipo niliponaswa. Kifuniko kikawa kikombe, kikombe kikawa chupa.

Kuna siku walikuwa wanagawa unga. Binti yangu Neema, wakati huo ana miaka kumi, alipanga foleni peke yake toka asubuhi. Walipomwambia alete mzazi, akaja kunitafuta. Alinikuta nimelala nyuma ya vyoo, saa sita za mchana, watu wanapita. Akanifunika uso na kitenge ili wasinitambue. Akarudi kuwaambia mama yake ameenda mjini.

Haya sikuyaona mimi. Nilisimuliwa na wifi yangu, dada ya bwana yangu, anayekaa mjini mtaa wa Ndosho. Alikuja akafunga nguo za watoto kwenye gunia. Hakunitukana siku hiyo. Alisema tu nikipona niende kuwachukua.

Nilitaka kupona. Aliyesema mlevi hataki kupona hajawahi kuamka na ile kiu huku analia.

Nilianza na chumba cha maombi. Walikuwa watu wema, lakini mchungaji alitaka walevi tusimame mbele, na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu. Waliniwekea mikono, wakaimba. Jumapili iliyofuata akina mama walivuta watoto wao nilipokaa kwenye benchi. Sikurudi.

Halafu nikasikia kuna watu wanaokutana kwenye kituo kimoja cha afya mjini, wote wamewahi kunywa, wanasaidiana kuacha. Nikatembea kwa miguu mpaka huko. Nilikuta wanaume kumi na tatu, wengi wao motari wa pikipiki na askari wa zamani. Mmoja akanipisha kiti akaniuliza kwa heshima kama nimekuja kumchukua bwana yangu. Nikamwambia hapana, nimekuja kwa sababu yangu. Waliendelea, lakini walisema mambo ya juu juu, wakinitazama kabla ya kila neno. Nami ningewaambia nini wanaume kumi na tatu? Kwamba nilikojoa kwenye nguo mbele ya mtoto wangu? Nilitoka nikanywa njiani.

Mama Furaha, mtu wa kwetu Kalengera, alinikuta kwenye robine, bomba la maji la kambi, nimeinama kwenye ndoo ili asinuse pumzi yangu. Alikuwa mwembamba, mikono myeusi kwa makala, yaani makaa, aliyokuwa anauza. Akaweka bidoni lake la maji chini, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, usijisumbue. Mimi pia nilikuwa naikunywa. Sasa ni mwezi wa tisa sijaigusa."

Ndiye aliyenipeleka. Siku ya nne, yaani Alhamisi, baada ya saa nane, wanawake saba tulikutana kwenye chumba cha mbao cha mjane mmoja, Mama Kahindo, Mnande wa Butembo aliyewahi kuuza pombe mpaka ikamuuza yeye. Hapakuwa na mikono ya kuwekewa wala mtu wa kusimama mbele. Palikuwa na chai ya majani ya mchaichai, na kila mtu alisema anachoweza. Asiyeweza alikunywa chai. Kabla ya kuanza, kila wiki, Mama Kahindo alisema neno moja tu: "Maneno ya hapa inalala hapa." Sote tukaitika.

Wiki tatu nilikunywa chai. Wiki ya nne nilisema habari za vyoo na kitenge cha Neema. Hakuna aliyeguna. Solange, mdogo wetu sote, muuza nyanya, yule aliyekuwa anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta, alinishika mkono mpaka nikamaliza. Siku hiyo nilirudi kibandani bila kiu kwa mara ya kwanza.

Mama Furaha alisema la kwake muda mrefu baadaye. Alisema akiangalia kikombe.

Siku walipokimbia, mvua ilikuwa nyingi. Bwana yake, Papa Furaha, alibaki nyuma akisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, lenye vitu na mama yake mgonjwa. Yeye alitangulia na Furaha na mtoto mchanga, Baraka. Pale Kibumba walijibanza kwenye baraza la duka. Alikuwa na kanyanga ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Akanywa kwa baridi, akanywa kwa woga, akamfunga mtoto kifuani ili amnyonyeshe, akalala akiwa ameinama. Alipoamka mtoto alikuwa chini ya kifua chake na alikuwa amekwisha kufa. Bwana yake alipofika, alimwambia ni baridi. Papa Furaha aliamini. Alimshika kichwa, akamwambia asijilaumu, baridi ni ya Mungu.

"Kila siku ananifariji," akatuambia. "Njo ile inaniua."

Mama Kahindo aliinuka akamwongezea chai. Tulikaa naye mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Nilikuwa nimemaliza miezi mitano bila pombe. Nilikuwa nafulia watu nguo, nimetoka kambini, nimepata chumba cha mbao Majengo. Siku ya posho, Jumamosi, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda Ndosho kuomba watoto wangu. Nilimkuta wifi uani na wageni wawili wa kanisani kwake, wanachambua maharagi. Neema na mdogo wake walikuwa wametumwa dukani.

Nilieleza vizuri, kama mwalimu. Miezi mitano. Chumba. Kazi. Wifi aliendelea kuchambua maharagi. Akasema walevi wote wana miezi mitano. Akawageukia wale wageni akawasimulia habari ya vyoo, yote, pamoja na mkojo. Mmoja akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha wifi akaniambia:

"Mama Neema, mutu kama weye hawezi kulea mutoto. Hakuna mama mubaya kukupita."

Jamani, lile neno. Ningelimeza. Ningeondoka. Ningelia njiani mpaka Majengo, na siku ya nne ningelisema mbele ya wenzangu, wangenishika mkono. Dawa ya neno lile ilikuwepo, nilijua ilipo.

Badala yake nikasema: "Yuko mwenye kunipita. Kikundini kwetu kuko mama alikunywa njiani, akamulalia mutoto wake Baraka pale Kibumba, akafa, na bwana yake anajua ni baridi. Na mutoto mwenye alibakia, hawakumunyanganya. Mimi niliua nani?"

Sikutaja jina la mama. Nilijiambia hivyo hata wakati maneno yanatoka, kwamba jina sijataja.

Mgeni mmoja, aliyetoka upande wa kwetu, aliacha maharagi. Akauliza polepole: "Baraka wa Papa Furaha?"

Ningeweza kukana. Sikukana. Niliangalia chini, na kuangalia chini ni kujibu.

Nawaambia sasa jambo ninalolionea aibu kuliko yote. Maneno yale yalinisaidia. Wifi alilegea. Nadhani aliona kweli mimi si wa mwisho kabisa. Jumanne alinishushia watoto mlangoni pamoja na gunia lao. Neema alinikumbatia, akanusa shingo yangu kwanza, kisha akanikumbatia tena kwa nguvu. Nililia kwa furaha. Yule mama alikuwa hajaambiwa bado, na mimi nilikuwa nimeshalipwa.

Alhamisi nilikwenda kikundini. Ningebaki nyumbani wangejua. Mama Furaha alikuwa amefika wa kwanza, amevaa mguu mmoja ndala na mguu mwingine kiatu. Mama Kahindo alisema neno lake la kila wiki. Safari hii hatukuitika vizuri, maana Mama Furaha alishaanza kusema.

Alisema bwana yake alisikia sokoni, kwa watu wa kijiji chao. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. Hakumpiga. Hakupaza sauti.

"Aliniuliza neno moja," akasema. "Kama mutoto alilia. Nikamwambia sikusikia."

Papa Furaha alikaa pale mpaka maharagi yakaungua kwenye moto, hakuna aliyeyaondoa. Asubuhi ya Alhamisi hiyo alimchukua Furaha, akaenda naye kwa ndugu zake Minova. Binti alimuuliza baba yake kwa nini mama haji.

Kisha Mama Furaha akatuangalia mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Sikuje kugombana. Mwenye alisema, aseme. Nitalia, halafu tutaendelea kukaa. Siko na fasi ingine ya kwenda."

Nilisikia chai ikichemka.

Nilikuwa na watoto wangu siku mbili tu. Nikafikiri: wakijua, habari itafika Ndosho, wifi atakuja na gunia. Hiyo ni sababu. Nilisema sababu sizikosi. Lakini chini yake ilikuwepo nyingine: sikutaka wanawake wale sita wanitazame nilivyotazamwa na wale wageni.

Macho yalianza kwenda kwa Solange. Kwa sababu ni kijana, anacheka, anauza sokoni ambako kila mtu anapita. Solange aliona. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama Kahindo akamwambia kwa upole kwamba kama ni yeye, aseme tu. Solange alinigeukia mimi, yule aliyenishika mkono siku yangu, akaniuliza: "Mwalimu, weye unanijua. Waambie."

Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Alichukua beseni lake la nyanya akatoka. Hakurudi tena.

Wiki iliyofuata Mama Furaha hakuja, na mwenzetu mwingine pia. Tulikuwa wanne. Mmoja alisema ana homa, alikunywa chai haraka akaenda. Hakuna aliyesema neno lolote la ndani. Tulizungumza bei ya makala, barabara ya Rutshuru, nani amerudi na nani amekimbia tena. Chumba kilikuwa kile kile, vikombe vile vile. Mama Kahindo aliniomba, mimi, nikamtazame Mama Furaha kwa kuwa ndimi rafiki yake.

Nilikaa na ombi hilo mpaka Jumanne. Asubuhi hiyo nilienda Kanyaruchinya.

Alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, chupa wazi kwenye mapaja, hafichi. Gunia la makala limefungwa, hajauza. Nilikaa chini kwenye jiwe. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yote, wifi, maharagi, wageni, Solange. Nililia. Yeye hakulia. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nilipomaliza akasema: "Nilijua, Mwalimu. Watu wa soko walikuwa wanasema wifi yako njo aliyahadisia. Nilijua hata siku ile naingia kikundini."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, kwa nini alimwacha Solange aende.

"Nilikuwa nangoja useme. Nilijiambia, Mwalimu akisema, mimi nitakaa. Kama yeye anaweza kusema yake mubaya mbele ya watu, na mimi nitaweza kubaki na yangu." Akafunika chupa kwa kiganja kama anayeizuia isimwagike. "Haukusema."

Nikamwomba twende wote kwa Mama Kahindo siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Akasema nirudi, watoto wangu watatoka masomo.

Nilirudi kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa amelewa. Mara ya pili alikuwa amelewa na hakunitambua. Mara ya tatu vita vilikuwa vimeshaingia mjini, milio imetufungia ndani siku kadhaa, na nilipoweza kupanda huko nilikuta kambi inabomolewa, watu wanakunja maturubai, wameambiwa kila mtu arudi kwao. Kibanda chake kilikuwa vijiti. Jirani alisema aliondoka kwa miguu na wenzake kuelekea Kalengera, mikononi hana kitu.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mama wa kwetu aliyeleta maharagi mjini. Ndiye aliyeniambia. Mama Furaha alikutwa amekufa kwenye kinjia cha kisimani, asubuhi, chupa chini yake. Papa Furaha alifika kutoka Minova kumzika. Yeye mwenyewe alichimba, hakukubali kusaidiwa. Furaha alibeba msalaba mbele. Hawakujua waandike tarehe gani ya kuzaliwa, wakaandika jina tu.

Baada ya hapo nilimtafuta Solange nikampata sokoni. Nilimweleza huku anapanga nyanya zake. Hakusimama, hakunitukana. Alinisikia mpaka mwisho, akasema: "Tangu siku ile Mama Kahindo hanisalimie. Uende umwambie na yeye." Nilienda siku hiyo hiyo nikamwambia. Mama Kahindo alivaa kitenge chake akatoka kwenda sokoni kumwomba Solange msamaha. Mimi aliniacha nimekaa chumbani kwake, na mlango wazi.

Kiu imerudi mara nyingi. Sijanywa, lakini nisidanganye mtu, nimeshasimama mbele ya duka la kanyanga nikageuka. Nikajua peke yangu sitaweza. Nikatafuta kikundi kingine, nikakipata upande wa Mugunga, akina mama tisa. Nilipofika niliwaambia kwanza nilichofanya, kabla sijakaa, ili wachague wenyewe. Waliniomba nisubiri nje. Nilisimama karibu na ukuta wa mawe, nasikia sauti zao lakini si maneno. Kisha mmoja akatoka, mama wa umri wangu, akanishika mikono yote miwili.

"Si kwa ubaya, mama. Lakini humu kuko wenzetu bado hawajasema yao. Wakikuona hawatasema."

Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimaanisha.

Siku hizi Alhamisi ni Mama Kahindo anayekuja kwangu. Ananijia kwa miguu, mzee yule, anakaa, ananiuliza wiki ilikuwaje, namwambia yote. Ananisikiliza vizuri kama zamani. Nikimuuliza na yeye, yeye ambaye mwanzoni alitusimulia hata ndoto zake, ananijibu, "Muzuri, Mwalimu," anamaliza chai, anaaga.

Wewe unayesoma, kama umepata watu wa kukaa nao na ugonjwa wako, usiwe kama mimi. Wapo wanaotembea mji mzima wakitafuta viti saba na birika ya chai wasivipate. Ukitukanwa huko nje, tukanwa. Ukiambiwa hakuna mbaya kukupita, ukubali, nenda nyumbani na aibu yako, itapoa. Usichukue kidonda cha mwenzako ukafunika chako.

Na kama umeshatoa neno la mtu, sema ni wewe. Sema siku ile ile anapouliza, akiwa bado anataka kubaki. Mimi nilisema pia. Nilichelewa siku kumi na mbili.